Kusomea Umeme Ukiwa Kanyaruchinya Bila Kuacha Kazi

Laini inayoleta umeme wa kituo cha Matebe mjini Goma hufuata upande wa barabara ya Rutshuru. Kwa hiyo mtu wa Kanyaruchinya, iliyo kwenye barabara hiyo, huishi chini ya umeme kabla ya kuishi nao: nyaya zinapita juu, yeye chini anatafuta kibanda cha kuchajisha simu. Makala haya ni ya kijana au mtu mzima wa pande hizo, wa Buhene, Majengo au Kibati pia, mwenye kazi ya mchana ya motari, duka, kibarua au shamba, anayetaka kuingia katika uhandisi wa umeme bila kukaa darasani miaka mitano mfululizo.

Kazi ipo, na waajiri si wamoja tena. Kwa miaka mingi kusema umeme Goma kulikuwa kusema SNEL, shirika la taifa lililoanzishwa mwaka 1970, lenye kuleta umeme wa mto Ruzizi kutoka upande wa Bukavu. Kituo cha Ruzizi I ni cha mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II, mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi, kilianza mwaka 1989. Halafu ikaja Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, iliyofungua mlango kwa watu binafsi kuzalisha na kuuza umeme. Desemba 2015 kituo cha Matebe kilizinduliwa kwenye mto Rutshuru, megawati 13 hivi, chini ya mradi wa Hifadhi ya Virunga. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha Goma mtambo wa jua wa megawati 1.3. Kila mmoja wa hawa anahitaji watu wa kupanda nguzo, kusoma michoro, kupanga ulinzi wa transfoma na kulala zamu kwenye mashine. Na katika nchi nzima ni takribani mtu mmoja tu kati ya watano aliyefikiwa na umeme, kwa hiyo kazi kubwa ya kujenga bado haijaanza.

Huku kwetu kuna sababu nyingine. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na lava ikakata barabara ya Rutshuru pamoja na nyaya. Tangu 2022 vita vimeikata laini mara nyingi, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji ya bomba, kwa kuwa pampu nazo hula umeme. Kila mara aliyesubiriwa na mji mzima alikuwa fundi wa laini.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: umeme unaweza kuusoma kwa mbali, lakini huwezi kufundishwa kwa mbali namna ya kuugusa. Anayeanza na intaneti akategemea karakana itakuja baadaye huishia na karatasi ambayo hakuna mkuu wa kituo atakayeikubali. Anayeanza na karakana iliyo karibu, kisha akaongezea masomo ya mbali, hupanda polepole lakini hupanda.

Jua unaanzia wapi

Usijiandikishe popote kabla ya kujua ngazi yako. Mwenye diploma ya Serikali ya humanite za ufundi, chaguo la umeme, yaani A2, ndiye aliye karibu zaidi: ameshaona mota, ameshachora mchoro, anahitaji kuongeza hesabu na uzoefu. Juu yake kuna chuo. Zamani ulisoma graduat ya miaka mitatu kisha licence ya miaka miwili. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vilianza kuhamia mfumo wa LMD, ambamo licence ni ya miaka mitatu na master hufuata. Mwenye graduat ya zamani aulize chuoni, kwa maandishi, ataingizwa mwaka wa ngapi. Jibu la mdomo halitamsaidia siku katibu wa kitivo atakapobadilishwa.

Mwenye diploma ya pedagojia au ya biashara hajafungiwa, ila ana deni la hesabu na fizikia, na deni hilo hulipwa kabla ya kuingia, si baada. Asiye na diploma kabisa, labda kwa sababu vita vilimkuta kidato cha tatu, asikate tamaa: mtihani wa Serikali, Egzeteta, unapokea watahiniwa waliojisomea wenyewe, ambao kwanza hupita majaribio ya awali. Wakati anajiandaa, anaweza kujifunza ufundi wa nyaya za nyumba, kwani mafunzo ya aina hiyo hayamdai mtu diploma ya Serikali.

Kisha suala la karatasi. Kanyaruchinya ilikuwa kambi ya wakimbizi wa ndani mwaka 2012, ikajaa tena kuanzia 2022, ikaondolewa watu Februari 2025. Katika kukimbia huko, buletini na diploma za watu wengi ziliungua, zililowana au zilibaki Kibumba na Rutshuru. Kama wewe ni mmoja wao, anza sasa kumtafuta prefe wa shule uliyosoma akutolee nakala na kuipiga muhuri, maana ndiyo hatua inayochukua muda mrefu kuliko zote. Ukizipata, zipige picha zote na uziweke mahali pawili: kwenye barua pepe yako, na kwenye simu ya ndugu anayeishi mji mwingine.

Karakana zilizo karibu

INPP, taasisi ya taifa ya maandalizi ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ina tawi lake Goma. Hiyo ndiyo ningemwelekeza kwanza mtu mwenye kazi ya mchana, kwa sababu iliundwa kwa ajili ya wafanyakazi na watafuta kazi, na mafunzo yake ni mafupi, ya sehemu kwa sehemu. Upande wa Ngangi, ambako si mbali na Kanyaruchinya, Wasalesiani wa Don Bosco wana kituo kinachofundisha ufundi. ITIG ni shule ya ufundi wa viwanda ya ngazi ya sekondari. Kwa chuo kuna ISTA Goma na ULPGL, chuo kikuu huria kwa jina lakini cha kuhudhuria darasani, chenye kitivo cha sayansi na teknolojia kinachofundisha uhandisi wa umeme.

Ukifika, minervali isiwe swali lako la kwanza. Uliza: katika saa mia za kozi hii, ngapi ziko karakanani? Wanafunzi wangapi hushika multimeta moja? Nitafunga paneli ya mota kwa mikono yangu, au nitaitazama ikifungwa? Nani atasaini kitabu changu cha mazoezi, na yeye ana cheo gani? Omba uonyeshwe karakana siku ya kazi, si siku ya sherehe ya kufungua mwaka. Karakana ambayo mota zake zina vumbi la miezi inajieleza yenyewe.

Kuhusu saa, vyuo vya kwetu hupenda kutangaza zamu ya jioni. Mimi ningemshauri mtu wa Kanyaruchinya atafute ya Jumamosi. Kurudi saa tatu usiku kwa motari kwenye njia ya Rutshuru si jambo la kupangia miaka mitatu ya masomo, na kwa msichana ni zaidi. Tena tusidanganyane kwamba hii ni kazi ya misuli. Kupanga rilei, kupima mita, kuchora mtandao na kusimamia chumba cha udhibiti ni kazi za jicho na hesabu, na wanawake wanazifanya.

Kipi unaweza kusoma kwa mbali

Sehemu kubwa ya nadharia. Nadharia ya saketi, transfoma, mashine za umeme, hesabu za mtandao, uchumi wa nishati na usomaji wa kanuni vyote vinasomeka kwenye simu yenye kioo kikubwa na daftari pembeni. Bure kabisa kuna masomo ya chuo cha EPFL cha Lausanne, yakiwemo ya Kifaransa, na jukwaa la Ufaransa la FUN lililoanza 2013. Anayejua Kiingereza ana hazina ya MIT, ambayo tangu mwanzo wa miaka ya 2000 imeweka wazi notisi, mazoezi na mitihani ya kozi zake. Kwa kuchora michoro ya umeme kuna programu ya bure inayoitwa QElectroTech, na hiyo haihitaji kompyuta ya nguvu. Hivi havikupi cheo. Vinakupa akili ya kuingia nayo darasani.

Kwa cheo chenyewe, msomaji wa Kifaransa aitazame CNAM ya Paris, taasisi ya tangu 1794 ambayo kazi yake ni kuwafundisha watu wazima walio kazini, jioni na kwa mbali. Kwa Kiingereza kuna UNISA ya Afrika Kusini, chuo kikongwe cha masomo ya mbali chenye uhandisi wa umeme. Lakini zingatia hili: hata UNISA huwataka wanafunzi wake wa uhandisi wafike maabara. Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa 1969, ilikuwa ikiwatumia wanafunzi wa sayansi masanduku ya vifaa vya majaribio nyumbani na kuwaita shule za kiangazi. Wakubwa hao wa elimu ya mbali hawakuwahi kuamini kwamba karatasi peke yake inatosha. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: maabara iko wapi, viza itagharimu kiasi gani, je, wanakubali mazoezi niliyofanyia karakana ya Goma? Na usidhani kila chuo huria kina uhandisi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, cha mwaka 1992, kinajulikana zaidi kwa ualimu, sheria na biashara.

Anayekuahidi cheti cha mhandisi wa umeme kwa wiki sita kupitia WhatsApp ni mwizi. Diploma ya kigeni, ili itambuliwe kwa kazi ya Serikali au kuendelea na chuo Kongo, hupitia utaratibu wa kulinganishwa katika wizara ya elimu ya juu huko Kinshasa. Muulize anayekuuzia kozi ni Mkongomani gani amelinganishiwa cheti chake. Akianza kukueleza habari za baraka na fursa, kata simu.

Hesabu haziepukiki

Wengi wanaoacha masomo ya mbali hulaumu mtandao, lakini mara nyingi kilichowashinda ni trigonometria. Tuchukue kinu cha mahindi. Mota yake inachukua wati 7,500 kwenye laini ya fezi tatu ya volti 380. Mkondo ni wati gawanya kwa 1.732 mara volti mara cos fi, yaani kigezo cha nguvu. Cos fi ikiwa 0.8, mkondo ni ampea 14.2 hivi. Mwenye kinu akiweka kondensa sahihi na cos fi ikapanda hadi 0.95, mkondo unashuka hadi ampea 12. Unga unaotoka ni uleule. Lakini upotevu wa joto kwenye nyaya hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo kwenye laini inayolisha kinu upotevu unapungua karibu asilimia 29. Ukiielewa hesabu hii mpaka ukaweza kumweleza mwenye kinu, umeshaanza uhandisi. Kama hapo juu umeona namba tu, rudi kwenye kitabu cha kidato cha tano miezi mitatu kabla ya kujiandikisha. Si aibu, ni nafuu kuliko kulipia mwaka na kuurudia.

Jiwe la lava halimo kwenye kozi ya Paris

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu wa Kanyaruchinya anapoweza kumzidi aliyesoma Ulaya. Kozi za kigeni hufundisha kupigilia fimbo ya ardhi kana kwamba kila mahali kuna udongo mzito wenye unyevu. Sisi tumejenga juu ya lava. Fimbo haingii, na ikiingia, jiwe hilo kavu linaukatalia umeme njia ya kuteremka. Ukinzani wa ardhi unakuwa mkubwa, na hapo ndipo watu hufa kwa kugusa friji au mlango wa bati.

Kanuni inayofuatwa na nchi nyingi za Kifaransa ni kwamba hitilafu isiache volti zaidi ya 50 kwenye chombo unachokigusa. Ukitumia dijonteri ya diferansieli, yaani swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 500, ambayo mara nyingi huwekwa mwanzoni mwa nyumba, ukinzani wa ardhi usizidi omu 100, kwa kuwa ampea 0.5 mara omu 100 ni volti 50. Kwenye lava kuipata omu 100 ni kazi. Lakini ukiweka diferansieli ya miliampea 30, hesabu ileile inakuruhusu kufika karibu omu 1,660. Maana yake, penye lava kifaa hicho kidogo ni sehemu ya lazima ya nyumba, wala asikwambie mtu kwamba ni pambo la matajiri. Hakiondoi wajibu wa kutengeneza ardhi nzuri. Waya mrefu wa shaba uliolazwa kwenye mtaro uliojazwa udongo, au pete ya shaba iliyowekwa kwenye msingi kabla ya kumwaga zege, hufanya vizuri kuliko fimbo moja iliyokwama nusu mita. Kisha unapima kwa kifaa cha kupimia ardhi. Bila kupima, umekisia tu.

Ongeza radi. Utafiti uliochapishwa 2016 kutokana na data ya setilaiti ya NASA uliiweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, miale zaidi ya 200 kwa kilomita ya mraba kila mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Fundi wa Kivu asiyejua kuweka kinga ya radi mbele ya transfoma au mbele ya mtambo wa jua atakuwa na kazi ya kubadilisha vilivyoungua kila msimu wa mvua. Ukipewa kazi ya mwisho ya kuhitimu, iwe na chuo cha karibu au cha mbali, chagua mojawapo ya haya mawili, ardhi au radi. Pima ardhi kumi za Kanyaruchinya, andika ulichokipata. Msimamizi wako aliye Ulaya hataweza kuyatoa matokeo hayo vitabuni kwake.

Intaneti, saa na fedha

Chagua kozi yenye maandishi ya kupakua, si yenye video za moja kwa moja tu. Nunua mega za usiku zikiwa rahisi, pakua wiki mbili za masomo kwa mara moja, kisha soma ukiwa umezima mtandao. Kama mtihani unataka kamera iwake saa tatu mfululizo, panga mapema mahali penye umeme wa uhakika na ukafanye jaribio huko wiki moja kabla. Angalia saa: Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa, na kazi ya kuwasilisha "saa sita usiku wa Paris" huangukia saa tofauti kwetu majira ya baridi na majira ya kiangazi. Mwandikie mratibu wa kozi siku ya kwanza, kwa ufupi na adabu, kwamba unaishi mahali ambapo mtandao hukatika, na umwombe utaratibu wa kuongezewa muda. Ombi la mapema husikilizwa kuliko kisingizio cha baadaye.

Fedha nazo. Mwishoni mwa Januari 2025 benki za biashara Goma zilifunga milango, na watu wakahamia kwenye simu. Chuo cha nje kinachopokea kadi ya benki tu kinaweza kukufungia mlango katikati ya mwaka, kwa hiyo ulizia njia ya kulipa na uwezekano wa kulipa kidogo kidogo kabla ya kutuma barua ya maombi.

Mikono, na sahihi ya anayejua

Tafuta fundi mkubwa au mkuu wa timu atakayekubali uende naye siku za mapumziko. Mheshimu, mbebee ngazi, nunua glavu na viatu vyako mwenyewe, kisha fungua kitabu cha kazi: tarehe, mahali, ulichofanya, ulichopima, sahihi yake. Kitabu hicho ndicho kitakachotazamwa utakapoomba staji kwenye kituo cha kuzalisha umeme.

Mambo matano uyakariri mpaka yawe mazoea kabla ya kugusa chochote: tenganisha chanzo, funga kwa kufuli na uweke bango, hakikisha ndicho kifaa chenyewe ulichokusudia, pima kwamba hakuna volti, kisha unganisha nyaya na ardhi na uzifunge pamoja. Kwenye mji ambao kila duka lina jenereta au paneli za jua, hatua ya nne ni ya kufa na kupona, maana umeme unaweza kurudi kutoka kwa jirani wakati laini kubwa imezimwa.

Na usijifunzie kwenye nyaya za wizi. Najua vijana wengi wa kartié walianzia hapo, kwa kuning'iniza waya usiku kwa malipo kidogo. Wengine wamekufa, na walio hai wanajulikana kwa majina na timu za makampuni yaleyale wanayotaka kuajiriwa nayo.

Basi wiki hii chukua siku moja, uende INPP na karakana nyingine mbili ukiwa na maswali yako kwenye karatasi. Atakayekuonyesha mota inayozunguka, mwachie namba yako ya simu. Atakayekuonyesha ofisi ya malipo kwanza, rudi nyumbani na fedha yako.